Nani Aliyeupandisha Mzigo? Mjadala juu ya Gurudumu la Kujiendesha

Mjadala huu ulifanyika mjini Tanga, katika baraza ya nyumba inayopakana na karakana ya baisikeli, baada ya sala ya alasiri, na walioushiriki ni watu watatu ambao nitawataja kwa kazi na udugu wao tu. Wa kwanza ni Fundi, mtu wa makamo ambaye ametengeneza baisikeli tangu utoto wake, na kwa muda wa miaka miwili sasa amekuwa akiunda gurudumu la kujiendesha kwa uzito na kwa sumaku. Wa pili ni Mwalimu, mzee aliyestaafu baada ya kusomesha fizikia siku nyingi, naye Fundi alipata kukaa mbele ya ubao wake. Wa tatu ni Shangazi, dada wa baba yake Fundi, mfanyabiashara wa nafaka, aliyeombwa mkopo ili Fundi anunue michoro na sumaku kwa muuzaji mmoja wa mbali, aliyeahidi mashine itakayotoa umeme bila mafuta, bila jua na bila upepo. Mimi nilikuwa msikilizaji. Nimeyaandika maneno yao kwa kuwa wako watu wengi, katika nchi nyingi, ambao wenzao wakilala wao huinama juu ya gurudumu, na walimwengu wamewapa mambo mawili tu, kicheko au ulaghai, hali wanastahili la tatu, nalo ni mizani.

Gurudumu lenyewe lilikuwa mbele yetu. Lilikuwa rimu ya baisikeli ya inchi 28, imesimamishwa juu ya uma uliopinduliwa na kukazwa kwenye meza, na pembeni yake ilikuwa na mikono kumi na miwili ya chuma bapa iliyofungwa kwa bawaba ndogo za kabati, kila mkono umebeba nati moja nzito ya lori. Upande wa kulia mikono ilijikunjua ikasimama mbali na ekseli. Upande wa kushoto ilijikunja ikaegemea rimu. Fundi alilisukuma kwa kidole kimoja, nati zikaanguka moja baada ya moja kwa mlio kama wa tasbihi ya chuma, gurudumu likazunguka mara kadhaa kwa madaha, likaanza kusita, likarudi nyuma kidogo, kisha likasimama.

SHANGAZI: Mwalimu, karibu kiti. Nimekuita kwa sababu mtoto huyu wa ndugu yangu amenijia na ombi la fedha, nami sikusoma elimu ya vyuma. Elimu yangu ni ya mchele, maharage na mtama, na fedha anayoitaka nimeichuma kilo kwa kilo. Sitaki kumnyima kwa ujinga wangu, wala sitaki kumpa kwa mapenzi yangu, maana akipenda chongo huita kengeza. Basi jadilianeni mbele yangu kwa insafu, bila kudharauliana na bila kukatizana kauli. Anza wewe, mwanangu, maana mwombaji ndiye mwenye kuleta hoja.

FUNDI: Ahsante, shangazi. Na wewe, mwalimu wangu, shikamoo tena, na uniwie radhi nikikupinga mbele za watu. Hoja yangu ya kwanza mnaiona kwa macho. Mtu yeyote aliyepata kuchukua mizigo kwa mzega ajua kwamba ndoo iliyo mbali na bega huelemea kuliko ndoo iliyo karibu nalo, ijapokuwa maji yake ni kiasi kimoja. Nati zangu za kulia ziko mbali na ekseli, na za kushoto zimeikaribia. Uzito ni mmoja lakini masafa si mamoja. Basi kwa nini upande wa kulia usishinde daima? Wala wazo hili sikulizua mimi. Bhaskara, mwanahisabati mkubwa wa Bara Hindi, katika zama za mwaka 1150 hivi, alieleza gurudumu ambalo spoku zake zina uwazi ndani na zimetiwa zebaki nusu, ili zebaki ikimbilie upande mmoja na gurudumu lisipumzike. Na katika karne ya 13 Mfaransa Villard de Honnecourt alichora katika daftari yake gurudumu lenye nyundo saba, idadi ya witiri, kwa makusudi hayo hayo. Watu wa hikima namna hii, waliotenganishwa na bahari, dini na lugha, je, waliota ndoto moja bila ya sababu?

MWALIMU: Marahaba, mwanangu, nami nafurahi kupingwa na mtu niliyemsomesha, maana mwanafunzi asiyeweza kumpinga mwalimu wake amechukua maneno akaacha elimu. Sababu ya ndoto ile ipo, nayo ni kwamba macho huona umbali mara moja, lakini hayahesabu. Nipe uzi na nati moja nifanye timazi. Tazama: nimeuteremsha uzi mbele ya ekseli, nao umeligawa gurudumu lako nusu mbili. Hesabu nati zilizo upande wa kulia.

FUNDI: Tano.

MWALIMU: Na za kushoto?

FUNDI: Saba.

MWALIMU: Hapo ndipo jambo lilipojificha. Mikono ya kulia ilipojikunjua ilijipatia umbali, lakini kwa kujikunjua kwake iliharakisha kushuka ikapungua idadi. Na ya kushoto, kwa kujikunja, ilikosa umbali lakini ikasongamana ikawa mingi. Hawa ni watu wavutao kamba, wachache wenye mikono mirefu upande mmoja, wengi wenye mikono mifupi upande wa pili, na kamba haiendi popote. Lakini hata kuhesabu si lazima. Chukua nati moja tu, uifuate kwa macho mzunguko mzima mpaka irudi ilipoanza: itakuwa imeshuka kiasi gani na kupanda kiasi gani? Kiasi kile kile, hata upana wa unywele haupungui. Kwa hiyo kila ilichokupa ikishuka itakidai ikipanda, na hakibaki kitu, hata cha kulipia msuguano wa gololi. Simon Stevin, mhandisi aliyezaliwa Bruges, alilijua jambo hili mwaka 1586. Aliuchora mkufu wa tufe kumi na nne umetandikwa juu ya miteremko miwili isiyolingana, akasema kwamba mkufu huo hautajizungusha wenyewe milele, na kwa yakini hiyo moja akaipata kanuni ya uzito katika mteremko, ambayo wahandisi wanaitumia hata leo. Angalia tofauti: wengine waliligonga jambo lisilowezekana wakaumia vichwa, yeye aliliegemea akajenga juu yake.

FUNDI: Hoja ya nati nimeisikia, nami sitaikana, maana hesabu umeifanya mbele yangu. Lakini wasema uzito hauwezi kutoa kazi, nami nitakuonyesha unaoitoa usiku na mchana, tena katika mkoa wetu huu. Pale Hale, tangu mwaka 1964, maji ya mto Pangani huanguka yakazungusha mitambo ya megawati 21. Na chini yake, katika maporomoko ya Pangani, mtambo mpya wa mwaka 1995 una megawati 68. Maji yale yanaanguka kwa nini kama si kwa mvutano wa ardhi? Na nani ayabebaye juu kila siku?

MWALIMU: Swali lako la mwisho ndilo jibu lako. Maji ya Pangani yabebwa na jua. Jua ndilo linaloinua mvuke baharini, upepo ukauchukua, ukawa mvua na theluji katika Kilimanjaro na Meru, ukateremka kwa mito mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha ukaja Hale. Mvutano wa ardhi haukutoa fedha hata senti. Umerudisha amana iliyowekwa na jua. Tena nitakutajia mfano uliofika kwa jirani zetu wa Kenya. Waingereza wawili, Martin Riddiford na Jim Reeves, walibuni taa inayowaka kwa uzito: unaufunga mfuko wa mchanga au mawe wa kilo 12 hivi, unauinua kadiri ya mita 1.8, nao unateremka polepole ukizungusha dainamo, na taa inawaka dakika kama ishirini. Hakuna hila ndani yake, wala wabunifu wake hawakudai hila. Zidisha kilo kwa kimo na kwa mvutano, utapata jouli 212 hivi, na jouli hizo zilitoka katika mkono wa mama aliyeinua mfuko, naye alizipata katika ugali wa mchana. Kwa hiyo, kila mtu akikuonyesha kitu kinachoanguka na kufanya kazi, usimwulize kinaanguka namna gani. Mwulize: nani aliyeupandisha mzigo?

SHANGAZI: Neno hilo nimelielewa, nami naomba kuliuliza kwa lugha ya duka langu. Mimi nanunua mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na ninayauza bei ikipanda. Gunia ni lile lile, halikuongezeka punje, na faida naipata. Kwa nini Fundi asiupandishe mzigo wake wakati wa rahisi na kuuteremsha wakati wa ghali?

MWALIMU: Bi Mkubwa, umeligusa shina la mambo yote, na wengi waliosoma vitabu hawakulifikia. Faida yako inatoka katika tofauti ya misimu. Lau mvutano wa ardhi ungekuwa na misimu, jiwe likawa jepesi asubuhi na zito jioni, tungeliinua asubuhi na kuliangusha jioni, na ulimwengu wote ungeishi kwa faida hiyo. Lakini kilo ya asubuhi ni kilo ya jioni; bei ya kupanda ndiyo bei ya kushuka, jana, leo na kesho. Mwanamke mmoja mwanahisabati wa Ujerumani, Emmy Noether, alionyesha kwa burhani iliyotangazwa mwaka 1918 kwamba mambo haya mawili ni jambo moja: ikiwa sheria za maumbile hazibadiliki kwa kupita wakati, basi jumla ya nishati haiongezeki wala haipungui. Soko lisilobadili bei halina mchuuzi.

SHANGAZI: Basi uzito nimeuelewa. Sasa sumaku, mwanangu. Maana michoro unayotaka kununua ni ya sumaku.

FUNDI: Naam, na hapa nina matumaini makubwa zaidi, kwa sababu sumaku, tofauti na jiwe, ina kuvuta na kusukuma. Petrus Peregrinus, askari aliyekuwa katika kuzingira mji wa Lucera kule Italia mwaka 1269, aliandika waraka wa kwanza ulioeleza kwa taratibu ncha mbili za sumaku, na ndani ya waraka ule ule alieleza gurudumu la kuzungushwa na sumaku daima. Na yeye alikuwa na mawe dhaifu ya sumaku tu! Sisi leo, nikifungua spika mbovu napata sumaku moja nzuri; nikifungua diski ya kompyuta iliyotupwa napata mbili ndogo za neodimiamu, aina iliyopatikana katika miaka ya 1980, ambazo zikikutana huku kidole kiko katikati hukitoa damu. Nguvu hii haichoki. Sumaku ya mlango wa friji hushika miaka na miaka bila kula wala kunywa. Tena nchi ya Marekani mwaka 1979 ilimpa Howard Johnson hataza ya mota ya sumaku tupu, isiyo na waya wala betri. Serikali haikutoa karatasi ile bila kutazama.

MWALIMU: Nitajibu la friji kwanza. Msumari ulio ukutani mwako umeshika kanzu yako miaka kumi. Je, wasema msumari unafanya kazi, au umeshika tu? Kushika si kazi. Kazi ni kusogeza. Ama hataza, hiyo ni hati ya kusema huyu ndiye mwenye mchoro. Si hati ya kusema mchoro unazunguka. Tangu mwaka 1979 hakuna kinu wala pampu niliyopata kuijua inayoendeshwa na mota ile. Na alipokuja Mmarekani mwingine, Joseph Newman, na mashine ya koili na sumaku aliyosema inatoa zaidi ya inavyopewa, ikaenda mahakamani, ikapimwa mwaka 1986 na ofisi ya vipimo ya taifa lao, na katika kila kipimo kilichotoka kilikuwa pungufu ya kilichoingia. Lakini mimi nataka ushahidi wako wewe, kwa sababu wewe una gurudumu na mimi sina. Umeliweka mbele ya sumaku. Mkono wako ulihisi nini?

FUNDI: Nitasema kweli, ijapokuwa inaniumiza. Nilipanga sumaku kwenye rimu, nikaweka moja imara pembeni. Nikilizungusha polepole kwa kidole, mwanzo nasikia mvuto mtamu, gurudumu linakimbia lenyewe kulikaribia sumaku, na moyo wangu unakimbia nalo. Kisha, kidogo tu baada ya kupita, panakuja mahali panaponata. Ni kama mtu anatoka mlangoni naye ameshikwa upindo wa kanzu. Nimebadili pembe, nimeweka bati la chuma kukinga, nimepanga sumaku kwa mshazari kama vigae vya paa. Panaponata panahama, hapaondoki.

MWALIMU: Ahsante kwa ukweli huo, nao una thamani kuliko michoro yote ya yule muuzaji. Kila ulichohisi ni sahihi: sumaku ilikukopesha ulipokuwa unakuja, ikakudai ulipokuwa unaondoka, na hesabu ikafungwa. Hata hilo bati la kukinga hudai. Nguvu ya kulitia na kulitoa hula faida uliyoitegemea. John Wilkins, Mwingereza aliyekuja kuwa askofu wa Chester, mwaka 1648 alieleza katika kitabu njia ya mteremko yenye sumaku juu yake na tundu karibu na kilele, ili sumaku ipandishe tufe ya chuma, itumbukie tunduni, irudi chini, ipande tena. Naye mwenyewe aliona ila yake: sumaku yenye nguvu ya kuipandisha tufe haitaiacha itumbukie. Panaponata pako pana umri mkubwa, mwanangu.

FUNDI: Basi niruhusuni nitoe hoja yangu ya mwisho, ambayo hainiachi kulala. Johann Bessler, aliyejiita Orffyreus, alionyesha gurudumu lake mjini Gera mwaka 1712, na mwaka 1717 katika kasri ya Weissenstein, karibu na Kassel, alilisimamisha gurudumu lenye kipenyo cha futi 12 hivi mbele ya mtawala Karl wa Hesse-Kassel. Mwezi wa Novemba chumba kilifungwa na kupigwa lakiri. Kilipofunguliwa mwezi wa Januari mwaka 1718, gurudumu lilikuwa bado lazunguka! Na mwanachuoni mkubwa wa Uholanzi, 's Gravesande, alilichunguza mwaka 1721 asione udanganyifu, hata akamwandikia Newton habari zake. Mtasema nini juu ya hilo?

SHANGAZI: Kabla Mwalimu hajajibu, nina swali. Hao walioliona, waliona ndani yake?

FUNDI: La. Lilifunikwa kitambaa cha nta. Mtawala peke yake alionyeshwa ndani, akaahidi siri. Bessler alitaka alipwe kwanza, fedha nyingi mno, inasemekana pauni 20,000, ndipo afungue.

SHANGAZI: Na huyu muuzaji wako wa michoro?

FUNDI: Naye... naye ameonyesha picha tu. Asema ndani yake ni siri mpaka malipo yafike.

MWALIMU: Historia ya Bessler imekwisha kwa huzuni. 's Gravesande alilichunguza kwa nje tu, na hata hivyo Bessler alighadhibika kwamba anaibiwa siri bila malipo, akalivunjavunja gurudumu lake kwa mkono wake. Mwaka 1727 mtumishi wa nyumbani mwake akatoa ushahidi kwamba gurudumu lilizungushwa kwa mkono kutoka chumba cha pili. Wapo wanaomtetea Bessler mpaka leo na kuutilia shaka ushahidi ule, nami sitaki kumhukumu marehemu kwa kauli ya shahidi mmoja. Mimi namhukumu kwa kitambaa. Lau gurudumu lilikuwa la kweli, kitambaa kile kimewanyima wanadamu neema kwa miaka mia tatu. Na lau lilikuwa la uwongo, kitambaa ndicho kilichoubeba. Alikufa mwaka 1745, akianguka kutoka kinu cha upepo alichokuwa akikijenga, na upepo, mwanangu, haukumdai siri yoyote.

SHANGAZI: Sheria yetu ya biashara haimruhusu mtu kuuza samaki aliye bado baharini, kwa sababu muuzaji hana mkononi anachokiuza na mnunuzi hajui anachokinunua, huo ni gharari. Mimi nikiuza gunia, mnunuzi hutia kichomeo katikati ya gunia akatazama punje za ndani, na asipotia namtilia shaka yeye. Fedha za michoro hazitoki.

FUNDI: Nimesikia, shangazi, nami siwezi kukulaumu. Lakini niseme neno moja, si la kuomba fedha. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza kwamba hakitatazama tena shauri lolote la mashine ya kujiendesha milele. Walifunga mlango. Na mlango uliofungwa, mwalimu wangu, si burhani. Sisi watu wa karakana hatukwenda vyuo vikuu. Tukileta gurudumu twachekwa kabla halijatazamwa, na anayetuchekea kwa upole ni yule tu atakaye fedha zetu. Nalipa umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, naona mama jirani anazima taa ili mtoto wake asome siku ya pili. Nimetamani kutengeneza kitu cha kumfaa. Je, kutamani huko ni upumbavu?

Baraza ilinyamaza. Mwalimu aliitia miwani yake mfukoni, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa si ya mtu anayeshinda mjadala.

MWALIMU: Umesema kweli kwamba mlango uliofungwa si burhani, nami nakuachia hoja hiyo kamili. Wale wa Paris walikuwa na sababu ya huruma pia: walisema kwamba shauku hiyo imekwisha kuzifilisi jamaa za mafundi wengi, watu ambao wangeweza kuwafaa wenzao lakini walimaliza mali, muda na akili zao katika gurudumu. Lakini walichopaswa kuwapa mafundi wale, zaidi ya onyo, ni mizani. Sikiliza habari ya mtu mmoja, kisha uniambie kama ni upumbavu. James Joule alizaliwa mwaka 1818 huko Salford, Uingereza, mwana wa mwenye kiwanda cha pombe. Hakuwa na kiti cha ualimu katika chuo kikuu chochote maisha yake yote. Na unajua alianza na nini? Alianza na mota ya sumaku! Mnamo mwaka 1838, akiwa kijana, alikuwa akiunda mota za sumaku-umeme nyumbani, akitumaini kwamba zitatoa nguvu isiyo na mpaka na kuziondoa mashine za mvuke. Alikuwa katika kiti unachokikalia wewe.

FUNDI: Na zilizunguka?

MWALIMU: Zilizunguka. Lakini yeye hakuridhika na kuzunguka, alipima. Alipima zinki iliyoliwa ndani ya betri, akapima mzigo ulioinuliwa, akalinganisha na makaa. Mwaka 1841 hesabu ikamwambia kwamba ratili moja ya makaa katika mashine bora za mvuke za Cornwall ilifanya zaidi ya mara nne ya kazi ya ratili moja ya zinki katika betri yake, na zinki ilikuwa ghali zaidi. Tumaini lake lilikufa, naye akalitangaza kwa kinywa chake mwenyewe. Hakulifunika kwa kitambaa. Kisha akajiuliza swali ambalo halikumjia aliyecheka wala aliyedanganya: ile nguvu inayopotea, inakwenda wapi? Alifunga mizigo kwa kamba, ikateremka ikizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, akaipandisha, akaiteremsha, mara nyingi, huku akisoma kipimajoto cha usahihi mkubwa. Maji yalipata joto. Mwaka 1850 alitoa hesabu ambayo leo tunaisema hivi: kazi ya kilo moja inayoshuka mita 427 hivi yatosha kulipandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja. Msuguano unaokuibia, mwanangu, hauibi; unageuza. Gurudumu lako likisimama, ziguse gololi zako: nguvu ya kidole chako imo humo. Basi kanuni inayolikataza gurudumu lako haikutoka kwa wakuu waliofunga mlango. Imetoka karakana, kwa mtu aliyeanza na sumaku, akakubali kusikiliza mizani.

FUNDI: Yeye alikuwa na kipimajoto. Mimi nina kidole.

SHANGAZI: Basi nisikilizeni, maana jua linakwenda na nimekwisha kuamua. Yule muuzaji hapati senti. Lakini nina mizani yangu ya zamani ya duka, ile ya sahani mbili na mawe yake kutoka gramu 50 mpaka kilo 5, ambayo nimeiweka tangu niliponunua ya umeme. Hiyo nakupa, si mkopo. Na mkopo mdogo nitakupa wa gololi mpya na grisi nzuri, kwa sharti moja: kila jaribio utakalofanya, liwe limefaulu au limeshindwa, uliandike daftarini, na daftari hilo mtu yeyote anayekuja kutia upepo tairi lake aweze kulifungua na kulisoma.

Fundi hakujibu kwa maneno. Aliinuka, akafungua mikono kumi na mmoja ya gurudumu lake kwa spana, akaacha mmoja, akaukaza usicheze. Alichora kwa chaki alama ukutani, akaipandisha nati mpaka usawa wa alama, akaiachilia. Ilishuka kwa kasi, ikapanda upande wa pili, ikasita, ikarudi. Nayo iliporudi haikuifikia alama. Alipima kwa vidole: vinne. Kisha, huku sisi tukidhani amemaliza, aliitoa ekseli, akazimimina gololi kuukuu katika kifuniko cha kopo, akazifuta kwa kitambaa, akaziweka mpya alizokuwa amezitunza kwa ajili ya mteja, akapaka grisi, akafunga, akaachilia tena. Kidole kimoja na nusu.

"Kwa hiyo," alisema polepole, akiwa bado ameshika rimu, "kila mteja akinijia kulalamika kwamba baisikeli yake ni nzito, naweza kumwonyesha kwa vidole gololi zake zinamla kiasi gani." Mwalimu alimwambia naam, na kwamba katika Tanga nzima yeye hakupata kumjua fundi mwenye kipimo hicho.

Adhana ya magharibi ilipoanza, Shangazi alikwisha kumtuma kijana aende kuileta mizani, na Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya ukuta, anaandika tarehe chini ya alama yake ya chaki.